Mama Aliyemsimamisha Sajini Mvuani

Wasomaji wangu, Uyole tumefiwa. Yule mama wa Kihehe, mke wa sajini mstaafu, jirani yangu wa ua kwa ua, ametangulia, na nisipomwandika leo nitapasuka. Msinishangae nikicheka msibani. Hata mumewe alichekesha watu, nitafika huko. Kwanza habari ya baridi. Mama huyu alizaliwa Mufindi, mkoani Iringa, na siku zote alituambia baridi yetu ya Mbeya ni ya kitoto. Anasema hivyo huku kajifunga vitenge vitatu! Basi, ndivyo alivyokuwa.

Zamani kidogo mumewe alipelekwa nchi ya mbali kulinda amani. Alipoondoka alikuwa mtu wa mizaha, hata alikuwa amemfundisha mkewe jinsi mlinzi wa lango la kambi anavyomsimamisha mtu: “Simama! Nani wewe?” Anayekuja anajibu, “Rafiki,” ndipo anaambiwa asogee atambulike. Walichezea mlangoni kama watoto, nami nikichungulia, maana ua wetu ni wa matete. Aliporudi, mizaha ilikuwa imebaki hukohuko. Watoto wanapangwa mstari kabla ya uji, sufuria zinakaguliwa, mama anaambiwa, “Toa taarifa!” Jioni moja namwona mama kasimama mlangoni na begi.

“Kamwene, mama. Safari?”

“Kamwene, mzee. Narudi kwetu. Mimi niliolewa, sikuandikishwa jeshini.”

Mvua nayo ikamwagika, mvua ya kwetu mnaijua, mama akarudi barazani asubiri ipungue. Mara sajini huyo anatokea, furushi la nyama mkononi, kifua mbele. Sijui mama aliingiwa na nini. Aliweka begi chini, akanyanyua mwiko kama bunduki.

“Simama! Nani wewe?”

Jamani, jeshi ni jeshi! Miguu ya yule bwana iligonga chini tap, kabla kichwa hakijapata habari. Akaganda palepale kwenye tope, maji yanamtiririka puani.

“Sajini!” akajibu.

“Masajini wanakaa kambini. Nani wewe?”

“Mwanamke, nalowa! Mimi baba watoto!”

“Watoto wanasema baba yao hajarudi. Aliyerudi ni afande.”

Hapo hata mimi niliyekuwa nimejibana mdomo nisicheke, kicheko kilikauka. Yule bwana alitazama begi, akatazama watoto waliopanga vichwa dirishani. Akavua kofia. Sauti ikamtoka ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi.

“Rafiki.”

“Sogea, rafiki, utambulike.”

Akasogea. Mama akamgonga utosini na mwiko, ko, watoto wakalipuka kwa kicheko, na sajini mwenyewe akaanza kutetemeka. Nikadhani analia, kumbe anacheka, au vyote. Nyama tulikula wote. Lile begi halikwenda Iringa kamwe, likageuka la kuwekea mbegu za viazi.

Habari ikafika kambini. Wake wa askari wakaanza kuja barazani kwa mama, baadaye na waume wao, wanafundishwa kuulizana mlangoni. Alikuja hata koplo mwanamke, mumewe muuza mitumba Mwanjelwa, bwana mpole ajabu. Alipoambiwa amsimamishe mkewe alinong'ona, “Samahani, simama kidogo, afande.” Tulicheka mpaka chai ikamwagika! Lakini ndoa yao ipo mpaka leo.

Sasa juzi, jeneza linaletwa nyumbani tumuage. Mzee sajini alikuwa kakaa mlangoni tangu alfajiri. Wabebaji, vijana wa jeshi, walipokaribia, akainuka na fimbo yake.

“Simama! Nani wewe?”

Buti zote zikagonga chini kwa pamoja. Mchungaji akapoteza ukurasa wake. Ndipo wale wanawake wa barazani, huku machozi yakiwatoka, wakaitikia kwa sauti moja, “Rafiki!”

“Pita, rafiki,” akasema mzee. “Hapa unatambulika.” Tukacheka na kulia hata mchungaji akajifunika uso na kitabu.

Shule mimi niliiacha njiani, ila hili nimeliokota: anayelinda nchi naye anahitaji mtu wa kumuuliza mlangoni amerudi akiwa nani. Na siyo askari peke yao. Jioni ile nilipofika kwangu nikabisha hodi.

“Nani?” akauliza mke wangu.

Miaka yote huwa najibu, “Fungua!” Nikasema, “Rafiki.”

Kisha nikasikia komeo, na kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.