Krimu Iliyokula Shuka ya Harusi

Saa mbili asubuhi mtaani Awindiri, mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Filda Mindra anafungua duka lake la dawa. Kabla ya kumhudumia mtu, anajipaka krimu ya chunusi mkononi, kiasi cha punje ya njegere. Mkono wenyewe hauna chunusi hata moja, jamani, ila wateja wamezoea kuukagua kwanza.

Mazoea hayo yalianza mwaka jana, 1992, kwa sababu ya Emilia, msichana wa Koboko mwenye vichunusi kidevuni na kwenye paji la uso. Harusi yake ilikuwa imebaki miezi mitatu. Filda alimuuzia tyubu moja, akamwambia apake kidogo kila usiku, asitumbue, aache kujipaka mafuta ya simsim usoni na avumilie wiki nane.

Jambo moja alisahau kulisema: krimu ile huondoa rangi ya nguo.

Kwao Emilia, msichana hutarizi shuka za ndoa yake kwa mkono. Alikuwa amemaliza ile nyekundu, kazi ya mwaka mzima, akashindwa kujizuia, akailalia usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa na madoa meupe pale uso ulipokuwa. Shangazi yake, Margarita, akaipiga dawa marufuku: ikiwa inakula nguo, uso utapona? Emilia akalia siku mbili, akasema bora harusi iahirishwe kuliko kusimama mbele ya watu na uso ule.

Habari zilipomfikia, Filda alifunga duka akapanda lori la tumbaku hadi Koboko.

"Makosa iko yangu," anasema, na hata leo sauti yake inashuka.

Hakubishana na shangazi mtu. Alijipaka krimu mbele yake, akalala pale siku tatu, mkono ukikaguliwa kila asubuhi kabla ya chai.

"Siku ya tatu shangazi akasema, 'Mkono yako iko vile vile. Mutoto apake.'"

Kufikia wiki ya nane chunusi zilikuwa zimekauka, vikabaki vialama viwili vitatu. Emilia akaolewa siku ileile iliyopangwa, na Filda anakiri alilia kanisani kuliko mama wa bibi harusi.

Sasa anataka kufungua duka dogo Koboko, watu wasipande lori kwa ajili ya kidevu. Muuzaji ameshampata, ni Emilia.

"Mimi naweza sahau," anasema Filda akicheka. "Yeye hapana sahau kuambia watu habari ya shuka."