Kikombe cha Mama Rozi

Juzi mjukuu wangu alimcheka jirani yetu Mkristo akiomba kabla ya kula. Nilimkaripia, lakini aibu ilinishika mimi.

Nilipokuwa mtoto, Mama Rozi, mchumaji kutoka bara, alikaa nasi barazani akichambua karafuu. Vidole vyetu sote vilinukia karafuu. Baba akamuuliza taratibu, “Ebu nambie, mbona mwamwita Isa Mwana wa Mungu?”

Mama Rozi akacheka. “Mzee, hata mimi bado natafuta. Ngoja ninywe maji nikueleze.”

Alipokunywa, nikakitwaa kikombe nikakitia mchanga nikisugue, kama tulivyofunzwa chuoni, kwenye Kurani, kusafisha chombo kilichorambwa na mbwa. Nilidhani natimiza dini. Baba akanipokonya, akamwaga mchanga, akateka maji kwa kikombe hicho hicho akanywa.

“Haya, Mama Rozi, nieleze.”

“Yatosha, mzee,” alisema, macho chini. “Karafuu bado nyingi.”