Mama Mkwe, Blanketi na Sanduku la Mvuke

Nilifungua mlango wa apartment yangu hapa Irving, Texas, nikiwa na kuku wawili wa kuchoma, nikakuta blanketi limekaa kwenye meza yangu ya kulia, linakohoa.

Linakohoa na kutoa moshi.

Ndani ya blanketi alikuwemo mama mkwe wangu mtarajiwa.

Ngoja nieleze, maana najua mshaanza kucheka.

Naitwa Kimutai. Ni Mkenya, nafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja kule Plano. Mchumba wangu ni Généreuse, Mkongomani, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama yake tunamwita Mama Siméon, kwa jina la kifungua mimba wake. Anaishi Houston, na kanisani kwao ndiye anayeombea watu mpaka mapepo yenyewe yanaomba maji ya kunywa.

Alipanda basi kuja kuniangalia. Si kunisalimia. Kuniangalia.

Jumamosi iliyofuata wajomba wa Généreuse walikuwa wakutane na wazee wa upande wangu, yaani binamu yangu na jamaa wawili wenye mvi niliowaazima kanisani. Lakini kikao kilisubiri neno la mama. Akisema huyu hapana, mimi na Généreuse tumekwisha. Généreuse aliniambia mapema kabisa kwamba haolewi bila baraka ya mama yake, na nilimheshimu kwa hilo, ingawa usingizi ulinipotea.

Sasa, kwenye meza yangu kulikuwa na sanduku.

Ni sanduku la mbao, ukubwa wa mkate, la kuchomeka kwenye umeme. Mbele lina kioo kinachopata moto, pembeni kitufe cha kuzungusha. Unaweka majani makavu kwenye kijiti cha kioo chenye mpira mrefu, unakigusisha pale penye joto, unavuta mvuke taratibu. Hakuna kiberiti, hakuna majivu.

Majani gani? Mimi nakaa Texas, ambako majani mengine yana kifungo, na hapa mnasoma wengi.

Mnanaa. Twende mbele.

Sanduku lilikuwa limefika kwangu Alhamisi, na lilikuwa limepambwa kama bibi harusi. Lina mpira mzuri wa silikoni, si ule wa bei ya chini unaonuka plastiki ukipata joto. Lina kichungi kidogo cha chuma ili majani yasikuingie kooni. Chini yake kuna kigae cha jikoni, kwa sababu kitu kama kile hakikai juu ya kitambaa. Masharti yake niliyajua kwa kichwa. Usilifunike. Usitie mafuta. Usishike kioo. Usiliache peke yake likiwaka, na ukimaliza, chomoa.

Mimi nilijua yote. Mama hakujua hata moja.

Alipoingia tu, kabla hata hajakaa, akauliza lile sanduku ni la nini. Na kichwa changu, ambacho kuna watu wanakilipa mshahara, kikanipa jibu moja tu.

Nikamwambia ni mashine ya mafua. Ya kujifukiza.

Akafurahi kwelikweli. Alikuwa anapiga chafya tangu Houston kwa sababu ya ubaridi wa ndani ya basi. Akanisimulia jinsi kwao wanavyochemsha majani ya mkaratusi, mtu anajifunika blanketi pamoja na sufuria yake, anatoka humo mzima. Nikamwambia hata kwetu ni hivyohivyo. Tukacheka. Kwa mara ya kwanza akaniangalia kama mtu ambaye angeweza kumwita mwanangu.

Nikajiona mjanja balaa. Nikatoka kwenda kununua kuku.

Haya, turudi kwenye blanketi.

Ni yale mazito yenye picha ya simba, ambayo sijawahi kuona nyumba ya Mwafrika huku ikayakosa. Mama alikuwa amechomeka mashine, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akatoa kichupa cha mafuta ya mkaratusi kwenye mkoba wake, akamimina kwenye kioo. Kisha akajifunika, yeye na mashine.

Simba alikuwa ameshaanza kuyeyuka puani.

Kuku walienda walikoenda. Nilichomoa waya kwanza, nikamvuta mama nyuma pamoja na kiti chake, nikalibeba blanketi mpaka bafuni na kulifungulia maji. Pembe moja ilikuwa imeshika moto kabisa. Kengele ya moshi ikaanza kupiga mayowe, na mama akawa anamkemea shetani kwa sauti kubwa kuliko ya kengele.

Mkono wake ulikuwa umegusa kioo. Akataka dawa ya meno apake. Nikamkatalia, nikauweka mkono chini ya bomba, maji ya kawaida tu, nikaushikilia pale.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nilikuwa karibu kumuunguza mama wa watu, kisa nilitaka kuonekana kijana mzuri.

Généreuse akatukuta hivyo hivyo, ametoka kazini, bado yuko na sare. Aliangalia mkono, kisha akaangalia sanduku.

Mama akafunga bomba mwenyewe. Akageuka.

“Kimutai, sema kweli. Hii kintu iko ya mafua?”

“Hapana, mama.”

“Iko ya nini?”

“Ya kuvuta majani.”

Jamani, nilisomewa. Sitayarudia yote, mengine yalikuwa Kifaransa na nashukuru sikuyaelewa. Nilichofahamu ni kwamba mimi ni mhuni, ofisi yangu ni ya wahuni, na mtoto wake hakuvuka mipaka na mtumba mgongoni ili aje aolewe na mvuta bangi. Nilijaribu kusema mnanaa. Haikusaidia.

Akachukua simu ampigie mjomba mkubwa, afute kikao.

Mimi sikujitetea tena. Sikumwangalia Généreuse hata kidogo, nilijua nikimwangalia tu nitaharibu.

“Maman, weka simu,” Généreuse akasema. “Ile kintu ni yangu.”

Ndiyo. Lilikuwa lake.

Alhamisi alilileta kwangu ndani ya kapu la nguo chafu, kwa sababu mama angelala kwake, na mama akilala kwako anakagua mpaka chini ya godoro. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfichia tu, nikasahau kulitoa mezani. Ule mpira, kichungi na kigae nilimnunulia mimi, maana nilitaka kama ni kuvuta basi avute salama. Nilijiona mwanaume anayejali sana.

Mama alibaki na simu hewani.

“Juu ya nini?” akauliza sababu, taratibu.

“I don't sleep, Maman. Ninainua wazee siku muzima, mugongo inaniuma. Nikilala ninaota wale walikufa nikiwa nimewashika mikono. Sikukuambia juu nilijua utalia.”

Na mama akalia kweli. Si kwa makelele, alilia kama mtu aliyechoka. Ukimwona mwanamke anayefukuza mapepo analia hivyo, unatafuta pa kuangalia.

Baadaye akanigeukia mimi.

“Weye ulijua, ukaacha nikutukane?”

Nikamjibu ukweli, kwamba mimi akinichukia ningezoea, lakini sikutaka amwangalie mtoto wake kwa jicho lile.

Akampigia mjomba, wakaongea kikwao, sikuambulia hata neno. Nilisimama pale nikihesabu vigae vya jikoni. Alipokata simu akasema Jumamosi tufike mapema, wajomba hawapendi kusubiri.

“Huyu nimemukubali,” akamwambia Généreuse. “Weye ndiye bado niko nafikiri.”

Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyenisaidia.

Kisha akakaa kwenye kochi, akamlaza binti yake kichwa mapajani, na kwa ule mkono mzima akawa anamsugua mgongo. Akamwuliza majina ya wale wazee waliokufa. Généreuse akaanza kutaja. Kila jina, mama anamwombea mwenye jina kidogo, kisha anauliza, na mwingine? Yalikuwa mengi. Généreuse alilala kabla hayajaisha, na mama akaniashiria nizime taa.

Wanangu, nililojifunza ni hili. Ukibanwa ukalazimika kudanganya kuhusu mashine ya joto, danganya kuhusu majani, lakini sema wazi kwamba ni ya moto na haifunikwi. Mtu anaweza kufa ndani ya uongo wako akidhani anatibiwa mafua.

La pili linaniuma zaidi. Nilichumbiana mwaka mzima na mwanamke asiyelala, nikajua kila kitu kuhusu mashine yake. Sikuwahi kumuuliza anaota nini.