Jina Lililo Kwenye Laini

Juzi, katika duka la simu Mukuru kwa Njenga, mama aliyekuwa mbele yangu aliweka kabambe yake, simu ndogo isiyo na intaneti, na kitambulisho juu ya kaunta.

"Polisi wamenipigia. Kesho nikaeleze nilichoandika kwa mtandao, ukurasa wa Kifua Chetu. Wanasema umefunguliwa na laini yangu."

Mhudumu akacheka. "Na hii kabambe, mathe?" Kisha akaangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho kile. Zilikuwa mbili.

Mama akafunga macho. "Ya pili ni ya binti yangu. Nilimsajilia akiwa shule, hajapata kitambulisho. Hatukubadilisha."

Kwenye foleni tukaangalia simu zetu. Wengi wetu bado tunatumia laini za mama zetu.

"Nitafutie huo ukurasa. Nisomee."

Mhudumu akasoma kwenye simu yake, kwa sauti ya chini: "Moshi wa kiwanda umeingia mpaka kwenye uji wa watoto. Tukilalamika, tunaambiwa tuhame. Tuhamie wapi?"

Mama akakohoa ndani ya leso, kwa muda mrefu. "Rudia, nishike vizuri. Kesho nitasema ni mimi."

"Mathe, wakikufunga?"

"Sasa unataka nimtaje nani?"

Wanaodai kila anayeandika mtandaoni ajulikane kwa jina lake wanasema asiye na hatia hana cha kuogopa. Waje wasimame kwenye foleni ile. Jina lilipatikana upesi, na mwenyewe akatoka nalo dukani, midomo ikicheza, akikariri maneno ya mwanawe.