Keki Iliyobonyea Kimamba

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu. "Shikamoo shangazi. Keki ya Krismasi tuagize ya kilo mbili au tatu?" Nikaitikia marahaba, nikasema tatu, kisha nikabaki nimeishika simu nikicheka peke yangu. Kuagiza! Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, keki ya kwanza niliyoiona maishani, kule Kimamba.

Bibi yangu alijifunza kuoka ujanani, alipokuwa akimpikia meneja wa shamba la mkonge. Lakini miaka ile ya uhaba, sukari ilipokuwa ya kupangia foleni, sisi wajukuu keki tuliijua kwa masimulizi tu. Bibi aliitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyesafiri. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya karibu na stesheni yakajaa unga wa ngano, majarini ya makopo, hata maputo. Desemba hiyo bibi akajifunga kitenge kiunoni, akatangaza: "Mwaka huu mtaila."

Tulianza kwa kupamba. Tuliomba singa za mkonge, tukazitia rangi za kupakia ukili wa mikeka, nyekundu na kijani, tukazitundika dirishani hata kabla hazijakauka. Rangi ikachuruzika ukutani, na ukuta wenyewe bibi ndiyo kwanza alikuwa ameupaka chokaa. Akaitazama ile michirizi, akasema, "Basi, hata ukuta umevaa."

Asubuhi ya mkesha tukapiga sukari na majarini kwa mwiko mpaka mikono ikafa ganzi. "Msigeuze upande wa kukorogea," bibi alionya, "keki ina akili." Akaiweka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, akaniachia mimi ulinzi, yeye akaenda kanisani kupanga maua. Sharti lilikuwa moja: nisifunue.

Nilifunua mara tatu. Harufu ile ya iliki ingekushinda hata wewe. Mara ya tatu keki ikabonyea katikati kama kitanda cha kamba, na jivu likamwagikia humo humo. Nikaangua kilio.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa akiuza maandazi stesheni, akaja mbio akidhani nimeungua. Akachungulia. "Nyamaza, mwanangu. Imebonyea, haijafa." Akalikwangua jivu kwa kisu, akachemsha tui zito na sukari mpaka likaganda kwenye kijiko, akalijaza lile shimo.

Bibi aliporudi aliinamia sufuria. "Umefunua mara ngapi?"

"Tatu, bibi."

Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Halafu akacheka mpaka akaketi chini. "Ungefunua ya nne, tungekula makaa!" Kipande cha kwanza akampelekea jirani.

Na Krismasi iliyofuata, keki ilipoanza kunukia, bibi mwenyewe akanikonyeza: "Haya, kaifunue."

Bibi na jirani, wote wawili wametangulia mbele ya haki sasa. Kwenye ua wetu wanakaa watu nisiowajua. Mimi nina jiko la umeme na mizani, na lile tui nimelijaribu mara nyingi. Mara linakatika, mara linakuwa jepesi. Niliwahi kumuuliza jirani yule sukari inatiwa kiasi gani. "Mpaka itoshe," akaniambia. Nilikuwa mtoto, nikadhani amenijibu.