Kigoda cha Jaja Getini

Asubuhi ya leo, hapa kwangu Nkoma, Mbale, nilifungua tairi la mbele la gari langu nibadilishe pedi za breki. Ile harufu ya vumbi jeusi iliponipanda puani, niliweka spana chini nikacheka peke yangu. Kijana wa boda boda aliyekuwa akipita akasimama. "Banange, mama, umepata nini humo?" Nimempata jaja yangu, bibi aliyemzaa baba, nilitaka kumjibu, lakini angedhani nimerukwa na akili. Wewe nitakueleza.

Kwetu ni Nalufenya, kule Jinja. Baba aliuza vitambaa, na gari letu dogo alilitengeneza mwenyewe uani, huku mama akilalamika kwamba kamba yake ya nguo imejaa matambara ya grisi. Pedi zikiisha, gari lililia kila likisimama, na mtaa mzima ulijua tumerudi. Siku ya kuzibadilisha ilikuwa sikukuu yangu! Unajua, pedi mpya zikishaingia, lazima mtu akanyage breki na kuachia, akanyage na kuachia, gari likiwa limetulia, mpaka pedi zishike. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikaa ukingoni mwa kiti, miguu ikifika kwa shida, na baba akauliza kutoka chini, "Mto au jiwe?" Mwanzoni pedali ilizama laini mpaka sakafuni. "Mto!" Nikaendelea, nikaendelea, hadi ikakataa kabisa kuzama. "Jiwe, baba, jiwe!" Weee, nani angenishika siku hiyo?

Lakini jiwe langu halikumtosha jaja. Yeye hakupanda gari lililofunguliwa uani mpaka alipime mwenyewe. Alichukua kigoda chake cha jikoni, akakiweka getini, akakaa, akakunja mikono. Baba alitakiwa aje taratibu na gari asimame mbele yake. Likisimama, jaja alisema, "Limesimama. Twendeni," akabeba kigoda chake na kuingia nacho kiti cha nyuma. Mama alimwita afande, kwa sauti ya chini lakini.

Safari nisiyoisahau ni ya harusi ya mama mdogo, huku Mbale. Mama ndiye aliyekuwa mpishi wa pilau. Viungo alikwisha kuvitwanga, sufuria kubwa liko kwenye buti, na ua wote unanukia iliki na mdalasini. Tukichelewa, wageni wangekula wali mweupe, na mama angekufa kwa aibu. Basi asubuhi hiyo hiyo baba anafungua tairi na kukuta pedi zimebaki chuma kitupu! Pedi mpya alikuwa nazo, lakini pistoni ya breki ikakataa kurudi ndani kuzipisha. Akapora mwiko wa pilau, ule mrefu wa mti, akaisukumia nao. Mama alipiga kelele utadhani kachomwa moto. Katika vurugu hiyo akanivuta ndani kunivalisha gauni, na kazi yangu ikasahaulika.

"Tayari!" baba akaita. Jaja, ndani ya baibui lake jipya, akaenda kukaa getini. Mimi niko dirishani, mkono mmoja ndani ya gauni, mwingine nje, naona gari linaanza kutembea. Hakuna aliyekanyaga!

"Baba! Mto! Ni mto, baba!"

Nikatoka mbio, gauni linaning'inia, viatu sina. Nilimwona baba akikanyaga na uso wake ukibadilika, maana gari halikumsikia. "Mama, ondoka!" alipiga ukelele. Jaja wapi! Alikaa vile vile, mikono imekunjwa. Baba akakanyaga tena na tena, huku akivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na gari likasimama bampa ikigusa magoti ya mama yake.

Jaja akaitazama bampa, akanitazama mimi na mkono wangu mmoja. "Limesimama," akasema. "Lakini huyu mtoto amalize kwanza kazi yake."

Nikapanda, nikakanyaga huku nalia na kucheka, mpaka jiwe. Kisha tukaondoka, madirisha wazi, mama akipiga vigelegele tangu Iganga! Pilau ilipikwa kwa mwiko ule ule, baada ya kuusugua kwa majivu na sabuni, na wageni waliomba nyongeza. Baba hakuthubutu kumtazama mama machoni.

Pale kwetu Nalufenya sasa pamejengwa maduka. Baba hayupo, jaja alimtangulia, na mwiko sijui uliishia wapi. Vitu vya jaja vilipogawanywa, mimi niliomba kigoda. Leo nilipokwisha kufunga tairi nilikanyaga mpaka jiwe, nikakiweka getini, nikaenda taratibu. Gari likasimama vizuri kabisa mbele yake.

"Limesimama. Twendeni," nikasema kwa sauti.

Kisha nikazima injini nikashuka, maana hapakuwa na wa kukibeba.