Ndoo Tupu ya Mama Kopo

Mama Kopo hakuanza kwa wema, alianza kwa goti. Aliishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na goti lake la kulia lilikuwa limechoka kwa miaka ishirini ya kusimama akipiga nguo za watu pasi. Kila Ijumaa gari la taka lilipokuja, wapangaji walishusha ndoo zao. Yeye alizitazama zile ngazi sitini na nane, akaona dawa ni moja tu: taka zisiingie ndani tangu mwanzo.

Basi dukani akawa anakwenda na makopo yake, la sukari, la mafuta, la majani ya chai, na ndipo alipopata jina. Maganda aliyafukia kwenye debe la udongo dirishani, nyanya zikaota. Shati likichakaa likawa tambara. Kiporo kililiwa asubuhi, hakikungoja kuchacha. Watu walimcheka, naye akatia pamba masikioni.

Kisha mifuko ya taka ikaanza kuonekana mferejini nyuma ya jengo. Nzi wakajaa, harufu ikapanda mpaka vyumbani. Mwenyekiti wa wapangaji, mstaafu aliyependa vikao kuliko chakula, akaitisha mkutano uani.

"Kuna mtu humu ndoo yake haishuki," alisema. "Anakula, anakunywa, kama sisi. Taka zake zinakwenda wapi?"

Macho yote yakamgeukia Mama Kopo. Hesabu gani hiyo, mwenye taka chache kuliko wote ndiye awe mchafuzi! Lakini waliipitisha: asipojisafisha hadi Ijumaa, mwenye nyumba ataombwa amtoe. Katika chumba hicho alikuwa amekaa miaka kumi na tisa, humo alimlea binti yake mpaka akaolewa. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"Nipeni mlinzi," alisema kwa hasira. "Ashinde kwangu, alale kwangu, anichunge wiki nzima."

Wakamtuma mama mmoja wa ghorofa ya kwanza, aliyeitwa Redio kwa kuwa hana siri inayokaa tumboni. Redio alipanda na godoro lake, na furaha ya mtu anayekwenda kumfuma mwizi. Siku ya kwanza alichungulia uvunguni. Ya pili alichungulia ndoo, akakuta karatasi ya vidonge. Ya tatu alijikuta mwenyewe ameshika kopo la mafuta, wako njiani kwenda dukani.

"Kumbe ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo hivi tu, shoga. Ulidhani nazila?"

Alhamisi jioni mfuko mpya ukaonekana mferejini. Redio, ambaye hakuwa ameachana na Mama Kopo tangu alfajiri, aliteremka akauokota, akaufungia kwake.

Ijumaa uani palijaa. Mama Kopo alishuka ngazi moja moja, goti likilia, kikombe mkononi. Akakimimina mezani: karatasi mbili za vidonge, balbu iliyoungua, kifungo kilichovunjika. Taka za wiki nzima.

"Na ule mfuko wa jana?" Mwenyekiti aliuliza kwa ukali.

"Huu hapa," alisema Redio. "Tuufungue sote tuone."

Yakatoka maganda, nusu mkate, na karatasi tisa zilizokunjwakunjwa. Redio akaikunjua moja. Wino ulikuwa wa kijani, na jengo zima mwenye kalamu ya kijani ni mmoja. Akaisoma kwa sauti yake yote: "Kwa mwenye nyumba. Tunaomba mpangaji wa ghorofa ya nne aondolewe, kwa kutupa taka mferejini..."

Neno "mferejini" lilikuwa limekatwa, likaandikwa tena, likakatwa. Mwenyekiti alikuwa ameharibu barua tisa akiitafuta nzuri, kabla kesi haijasikilizwa.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alisema kitu kuhusu wanawe na uvivu wao wa kubeba ndoo, lakini hakuna aliyemsikia. Mtu mzima akivuliwa nguo, huchutama.

"Mama yangu, nisamehe," alisema hatimaye. "Sema unataka nini."

Mama Kopo alikuwa na furaha mpaka machozi yakamlenga. Akazikusanya zile karatasi tisa, akazinyoosha moja moja kwa kiganja kilichozoea pasi, akazitia kwapani.

"Hizi nazichukua," alisema. "Nyuma bado nyeupe."

Na mpaka leo, akienda dukani, orodha ya vitu vya kununua anaiandika mgongoni mwa barua ya kumfukuza.